Mawe tunayo, ukuta hatuna

Slovenia ina watu milioni 2.1 hivi. Mkoa wa Mbeya peke yake, kwa sensa ya 2022, una zaidi ya milioni 2.3. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu kila nikizungumza na wenzangu hapa Iringa juu ya mchezo wa kupanda kuta, jibu huja haraka: wenzetu ni wengi, wana hela, na Mungu kawapa miili ya kazi hiyo. La wingi tulifute sasa hivi. Nchi yenye watu wachache kuliko mkoa mmoja wa Nyanda za Juu Kusini ndiyo iliyomtoa Janja Garnbret, binti aliyezaliwa 1999 katika mji mdogo wa Slovenj Gradec, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo na kuitetea Paris mwaka 2024. Mwaka 2019 alishinda mashindano yote sita ya msimu ule ya Kombe la Dunia la buldaringi (kupanda ukuta mfupi bila kamba), jambo ambalo halikuwahi kufanywa na yeyote. Wala hakuzuka tu. Kabla yake alikuwepo Martina Čufar, bingwa wa dunia wa 2001, wakafuata akina Maja Vidmar, Natalija Gros na Mina Markovič. Ni mnyororo, na pete zake zimeshikana.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe: ukuta hujengwa ukumbini, hufungwa vishikizo vya kila umbo, na mpandaji hupanda kwa mikono na miguu yake. Kuna buldaringi, ukuta mfupi usio na kamba, magodoro mazito yametandikwa chini, na kila njia ni fumbo la hatua chache ngumu. Kuna kupanda kwa kamba, ukuta mrefu, ambako anayefika juu zaidi ndiye mshindi. Na kuna mbio, watu wawili sambamba kwenye ukuta wa mita 15. Olimpiki iliupokea mchezo huu kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo ya 2020, iliyofanyika 2021.

Mimi nafundisha michezo sekondari, na nyuma ya nyumba yangu Kihesa nina banda lenye ukuta wa plaiwudi ulioinamia mbele. Wanafunzi huja jioni. Tukimaliza tunaangalia fainali kwenye simu, na swali lao ni lilelile: Mwalimu, hawa wanakula nini? Nimelichukulia swali hilo kwa uzito unaostahili, maana nyuma yake kuna lingine ambalo hawalitamki: sisi tumekosa nini?

Tuanze na miili. Ai Mori wa Japani ana urefu wa sentimita 154. Adam Ondra wa Jamhuri ya Cheki, aliyekuwa bingwa wa dunia zaidi ya mara moja, amepita sentimita 180. Wote wawili wamo katika orodha ya wapandaji bora kabisa wa zama zao. Kwenye fainali ya Paris Mori alikutana na fumbo ambalo kishikizo chake cha kuanzia kilikuwa juu mno kwake. Akaruka, akaruka tena, hakukifikia, akatoka na sifuri. Siku hiyohiyo kwenye kamba akapata alama nyingi kuliko wanawake wote waliokuwepo, akamaliza wa nne. Anayetafuta mwili mmoja wa kupandia kuta hataupata. Atakuta vidole vyenye kano zilizokomaa kwa miaka mingi ya kazi, na hivyo mtu hazaliwi navyo. Kano hukua polepole kuliko misuli, kwa hiyo aliyeanza akiwa na miaka 7 au 11 na hakuacha ana akiba ambayo mtu mzima mwenye nguvu hawezi kuinunua kwa mwaka mmoja.

Nchini kwetu tunao mfano wa kutusaidia kulifikiri jambo hili, nao ni riadha. Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Nusu karne kabla yake Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, mwaka 1974. Wageni wanapoeleza mafanikio hayo hutaja mwinuko, hewa nyembamba, damu. Lakini Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Njombe inakaribia 2,000. Hewa yetu ni nyembamba vilevile, na watoto wetu wanapanda na kushuka milima kwenda shule. Mbona majina makubwa ya riadha yametoka zaidi Manyara, Arusha na Singida? Kwa sababu kule kijana akitoka alfajiri anakuta wengine barabarani, na miongoni mwao yumo aliyewahi kwenda mashindanoni nje ya nchi. Hapa kwetu akitoka alfajiri anakutana na bodaboda na mama wa maziwa. Mwinuko ni uleule, kinachokosekana ni kundi.

Mawe nayo yana hadithi ileile. Iringa imejaa mawe. Anayepanda kutoka Ipogolo kuingia mjini anayaona yamekaa juu ya vilima, makubwa kuliko nyumba. Gangilonga liko juu ya mji, na wazee husimulia kuwa Mtwa Mkwawa alipokea hapo habari za kuja kwa Wajerumani. Igeleke kuna michoro ya kale chini ya mwamba. Ni mawe ya matale, makavu karibu nusu ya mwaka, yenye ngozi inayoshika kiatu. Kama mawe yangetosha kumfanya mtu mpandaji, Iringa ingekuwa inatuma timu kila mwaka. Ufaransa ina msitu wa Fontainebleau wenye mawe ya kupanda, kweli, ila imefanya na jambo la pili: imeingiza kupanda katika masomo ya michezo shuleni, na kuta zimo kwenye kumbi za shule nyingi. François Legrand alikuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 1991, 1993 na 1995, wakati mchezo wenyewe ulikuwa bado mchanga. Mashindano ya kwanza makubwa, Bardonecchia nchini Italia mwaka 1985, yalifanyika kwenye mwamba wa kweli. Muda si mrefu yakahamia kwenye kuta za kujengwa, na tangu hapo anayeshinda ni aliyelelewa ukutani.

Japani ndiyo inayonifundisha zaidi. Tangu katikati ya miaka ya 2010 wamekuwa wakitawala buldaringi. Tomoa Narasaki, aliyepita kwenye jimnastiki utotoni, alikuwa bingwa wa dunia 2016 na 2019. Sorato Anraku, aliyezaliwa 2006, alitwaa mataji ya jumla ya Kombe la Dunia ya buldaringi na ya kamba ndani ya msimu mmoja, 2023, kisha fedha ya Olimpiki ya Paris. Kumbi zao nyingi ni ndogo, zimebanwa katikati ya miji, nyingine kwenye ghorofa la kupanga ambalo zamani lilikuwa duka au karakana. Dari ni fupi. Ukuta mfupi ukitaka uwe mgumu inabidi uuinamishe na ufunge vishikizo vibaya, vya kushikwa kwa ncha za vidole. Mtu anatoka kazini, anapitia hapo, anakaa saa mbili, anarudi nyumbani kwa treni. Hakuna gari la kukodi wala safari ya mlimani.

Akiyo Noguchi alikulia kwenye shamba la ng'ombe, Ibaraki. Aliuonja mchezo akiwa na miaka 11, familia ikiwa likizoni kisiwani Guam. Waliporudi, baba yake akamjengea ukuta palepale shambani. Binti huyo alikuja kuwa bingwa wa jumla wa Kombe la Dunia la buldaringi mara nne, akafunga kazi na medali ya shaba Tokyo. Nampenda sana mzee yule ambaye sijapata kumwona. Hapa Iringa ninawajua wafugaji wenye mabanda makubwa kuliko lake, na watoto wenye miguu ya paka. Mtu mzima mmoja aliamini kuwa mchezo wa mwanawe unastahili mbao na misumari. Korea Kusini utakuta jambo kama hilo: Kim Ja-in, bingwa wa dunia wa kamba mwaka 2014, alikua na kaka zake wapandaji, na Seo Chae-hyun, bingwa wa 2021, baba yake ni mpandaji mwenye ukumbi.

Sasa nifike kwenye kile ninachokiamini. Kinachozalisha wapandaji hodari ni kitu tulicho nacho tayari, ila tumekiweka mahali pengine. Nenda kwenye kijiwe chochote cha drafti, pale Miyomboni au karibu na stendi. Ubao umechorwa kwenye kipande cha mbao, kete ni vizibo vya soda. Wawili wanacheza, wanane wamesimama. Aliyefungwa ananyanyuka, mwingine anakaa. Wale wanane hawanyamazi: mbona hukula ile, ungeacha kingi yako nyuma. Kijana wa miaka 15 anasimama hapo mwezi baada ya mwezi, anafungwa na mzee wa miaka 60, anarudi kesho yake, na siku moja anamfunga mzee. Hakuna aliyemfundisha darasani. Amekaa tu mahali ambapo hakosekani aliye bora kuliko yeye, na ambapo mchezo wa mwenzio unauona wote.

Ukumbi mzuri wa kupanda ni kijiwe cha namna hiyo. Watu wanane wamekaa chini ya ukuta, wote wanalijaribu fumbo moja kwa zamu. Mmoja anapanda, saba wanatazama mguu wake unakanyaga wapi. Mfupi anagundua njia yake, mrefu yake, mtoto anaiba ya wote wawili. Ndiyo maana mji mmoja hutoa mabingwa watano na mji jirani, wenye fedha zilezile, ukakosa hata mmoja. Innsbruck, Austria, ina watu 130,000 hivi, wachache kuliko Manispaa ya Iringa. Kutoka hapo na vijiji vya jirani wametoka Jakob Schubert, aliyechukua shaba Tokyo na Paris, Anna Stöhr, Angela Eiter, na marehemu David Lama ambaye baba yake alitoka Nepal. Mwaka 2017 mji ulifungua kituo kikubwa cha kupanda, ila kituo kilikuja kuwakuta wapandaji wameshakuwepo. Watoto walikuwa wanafanya mazoezi karibu na mabingwa kabla ya jengo hilo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu viongozi wetu hupenda kuanza na jengo.

Kijiwe hicho kina wanaokitunza. Wapo watunga njia, watu wanaopanga vishikizo ukutani na kuvifungua baada ya wiki kadhaa ili kuweka mafumbo mapya. Wanaotazama runinga hawawaoni, lakini mimi nawaona kuwa ndio walimu wakuu wa mchezo huu. Njia ya mtu mvivu humfundisha mtoto kuvuta kwa mikono tu. Njia iliyotungwa na mtu anayejua humlazimisha ageuze kiuno, apachike kisigino, aruke na kutua kwa kidole kimoja cha mguu, na hapo ndipo anapojifunza bila kuhubiriwa. Wajapani na Waslovenia wanao watu wa kazi hiyo waliokaa nayo muda mrefu, na wengi ni wapandaji waliostaafu mashindano wasiondoke ukumbini. Yuji Hirayama alishinda taji la jumla la kamba la Kombe la Dunia 1998 na 2000, kisha 2010 akafungua ukumbi wake Saitama. Bingwa anazeeka ndani ya chumba kilekile wanachokua watoto.

Kwetu bingwa akistaafu anapotea. Anahamia Dar, au analima parachichi, na heshima anapewa, ila hakuna kiti kilichowekwa kwa ajili yake mahali vijana wanapofanyia mazoezi. Hili si la kupanda peke yake. Tazama ndondi, tazama netiboli ya shule zetu.

Na mvua? Wapo wanaosema hali ya hewa ndiyo inayowasukuma watu ndani, na sehemu ni kweli. Mwaka 1988 Mjerumani Wolfgang Güllich alitundika ngazi ya vipande vya mbao kwenye jimu moja ya Nuremberg, akawa anaipanda kwa mikono bila miguu, na kifaa hicho sasa kimo karibu kila ukumbi duniani. Sheffield, Uingereza, watu walijenga kuta kwenye vyumba vya chini ya nyumba zao kwa sababu nje kunanyesha. Kwa hoja hiyo Tukuyu ingekuwa mji mkuu wa mchezo huu, maana mvua za Rungwe zinajulikana. Mvua inakupa sababu ya kuingia ndani. Ukute nini humo ndani, hilo si kazi ya mvua.

Ninayetaka tumtazame kwa makini ni Indonesia, kwa sababu ndiye aliye karibu na hali yetu. Agosti 8, 2024, Veddriq Leonardo, kijana wa Pontianak katika kisiwa cha Kalimantan, alipanda mita 15 kwa sekunde 4.75 na kuchukua dhahabu ya mbio za ukutani. Kabla ya siku hiyo nchi yake ilikuwa haijawahi kupata dhahabu ya Olimpiki nje ya mchezo wa vinyoya (badminton). Miaka mitano nyuma, mwaka 2019 kule Xiamen, Aries Susanti Rahayu alikuwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya sekunde 7. Hawa si watoto wa milima ya Alps ya Ulaya.

Waliingiaje? Kwanza kupitia vyuo. Tangu miaka ya 1960 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Indonesia wamekuwa na vyama vya wapenda mazingira, vijana wanaopanda milima na miamba pamoja, na waliotangulia wakiwapokea wapya kila mwaka. Pili, kupanda kumeingizwa katika michezo yao ya taifa, ambako mikoa hushindana kwa medali. Mkoa unaotaka medali lazima uwe na ukuta. Nani atakayekubali mkoa wa jirani umpite kwa kukosa ukuta? Tatu, waliweka nguvu kubwa kwenye mbio. Katika buldaringi unahitaji njia mpya kila mara, watunga njia, vishikizo vingi. Katika mbio, njia ni moja dunia nzima: vishikizo vilevile, mahali palepale, ukuta umeinama nyuzi tano. Ukiujenga Pontianak ndio uleule wa Paris. Mtoto anarudia hatua zilezile mpaka mwili unazijua kuliko akili, na saa haipendelei mtu. Nchi isiyo na kumbi nyingi inaweza kuushika mchezo huo kikamilifu kwa kuta chache.

Nikifikiria UMISSETA na UMITASHUMTA, michezo ya shule zetu za sekondari na za msingi, naona mlango uleule. Shule zetu hununua mipira kwa sababu mpira umo kwenye orodha. Wavu vilevile. Siku kupanda kukiingia hata kama mchezo wa maonyesho tu, utaona walimu wakuu wakiuliza plaiwudi inapatikana wapi. Na jibu liko kilomita 80 hivi kutoka hapa: Mafinga. Mbao za paini za Sao Hill na viwanda vya plaiwudi vya Mufindi vinalisha nchi. Bolti na nati zipo kila duka la vifaa vya ujenzi. Vishikizo fundi seremala anachonga kwa mninga au mkaratusi, anapiga msasa, anatoboa. Fundi wangu alinitazama sana nilipompa kazi hiyo mara ya kwanza. "Mwalimu, hivi ni vya kutundikia nini?" Nikamwambia, "Watoto, Mzee." Akapanda mwenyewe kabla ya kulipwa, na leo ndiye mtunga njia wangu mkali kuliko wote. Anajua mbao inavyoshikika kwa sababu ameishika maisha yake yote.

Kuna kikwazo kingine ambacho kiko ndani yetu, na hapa nasema kama mwalimu. Buldaringi karibu yote ni kuanguka. Garnbret mwenyewe mazoezini huanguka kuliko anavyofika juu, vinginevyo fumbo lingekuwa rahisi mno kwake. Sasa mlete mtoto aliyezoea darasa ambalo akikosea jibu wenzake wanamcheka na mwalimu anamnyanyua asimame. Anapanda mara moja, anaanguka, anaangalia kulia na kushoto, anavaa viatu vyake. Hatarudi ukutani siku hiyo mbele ya watu. Niliwaona watoto wa aina hii wengi, wengine wenye vidole vya ajabu. Binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa akijaribu tu wenzake wakienda kunywa maji.

Nilichofanya ni kuweka kanuni kuwa mtu mzima ndiye anayeanguka kwanza. Fundi anapanda, anaanguka. Mimi napanda, naanguka. Mama anayeuza vitafunwa getini alikubali kujaribu akiwa na kanga kiunoni juu ya suruali, akaanguka, akacheka kwa raha, akapanda tena. Baada ya hapo watoto wakaachia. Nimesoma na kutazama mengi kuhusu kumbi za Japani, na kinachonigusa ni kuona mtu wa miaka 50 na mtoto wa miaka 10 wakianguka kwenye godoro moja na kupeana hongera kwa hatua moja tu iliyoongezeka. Naamini kumruhusu mtoto akosee hadharani bila fedheha kunachangia ubingwa wa nchi kuliko protini yoyote.

Lazima niseme pia upande wa giza, kwa sababu wazazi wananiamini na mabinti zao. Mchezo wa kubeba uzito wako kwa vidole una kishawishi kimoja kibaya: kupunguza uzito badala ya kuongeza nguvu. Huko kwenye vituo vya mabingwa limekuwa tatizo kubwa. Mwaka 2023 Garnbret alijitokeza hadharani kulisemea, madaktari wa shirikisho la kimataifa walikuwa wameshapiga kelele, na 2024 shirikisho likaweka utaratibu mpya wa kuwapima afya wapandaji kabla ya kuwaruhusu kushindana. Binti anayekula kidogo kuliko anavyotumia hukosa hedhi, mifupa yake inalegea, na alama hiyo haifutiki kirahisi. Kwa hiyo kwenye banda langu hakuna mizani, na hakuna anayepanda kabla hajala. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu akinenepa atapanda?" Nikamjibu, "Mama, akishiba atapanda." Tunakula ugali na maharage, parachichi zikiwa msimu. Tukichukua mazuri ya wenzetu, hili tuwaachie.

Watu huniambia kuwa Mtanzania hana utamaduni wa kupanda. Sikubali. Wapagazi wa Kilimanjaro hupanda kuelekea mita 5,895 wakiwa na mizigo ya watu wengine. Watoto wa Rungwe wanapanda miparachichi kabla hawajajua kusoma. Wavulana wa Gangilonga wanateremka jiwe mchana kweupe kwa njia ambayo mgeni angeiogopa. Kinachotokea ni kwamba ikifika miaka 13 mtoto anaambiwa amekua, aache utundu. Msichana anaambiwa mapema zaidi. Kupanda kunageuka kazi ya kulipwa na mgeni, au kunageuka aibu. Waslovenia waliunda chama chao cha milima mwaka 1893, mlima wao Triglav umo kwenye nembo ya taifa, na kwao ni jambo la kawaida babu kwenda mlimani Jumapili bila kulipwa na mtu. Mji wao mdogo wa Kranj uliandaa Kombe la Dunia kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1990, kwa hiyo mtoto wa pale alimwona bingwa kwa macho yake, akarudi nyumbani, akapanda fremu ya mlango. Garnbret alikuwa akipanda milango na miti nyumbani kwao, na wazazi wake wakampeleka ukutani. Wangeweza kumwambia ashuke.

Mwezi uliopita nilipeleka andiko kwa uongozi wa shule moja yenye bwalo la zamani lisilotumika. Dari ni la kenchi za chuma, sakafu ni nzuri. Waliuliza kwa nini nimeomba ukuta wa mita nne tu wakati bwalo lina nafasi ya saba, na kwa nini nimeweka fungu la kumlipa mtu wa kubadilisha njia kila baada ya wiki tatu pamoja na mabenchi ya watu wazima, vitu ambavyo waliona si vifaa vya michezo. Nikawaeleza habari za kijiwe cha drafti. Mzee mmoja kwenye kamati, aliyekuwa kimya tangu tulipoamkiana kamwene, akauliza kama na wazee wataruhusiwa kuja kutazama. Nikamwambia mabenchi yale ni yao. Wamekubali ukuta na mabenchi. Fungu la mtunga njia bado tunalijadili, na sitalitoa kwenye andiko.